Shajara ya mradi: leja ya korosho, Windows ya mhasibu na Linux yangu

17 Novemba 2025, Jumatatu

Safari hii naandika kila ninachokigusa. Mwezi uliopita nilijaribu jambo hilihili, kuiunganisha laptopu yangu na folda ya mhasibu, likakubali kwa saa mbili, likagoma, na sikuweza kukumbuka nilikuwa nimebadilisha nini.

Ofisi yetu ni ya chama cha msingi cha ushirika, huku Mtwara, barabara ya kwenda Nanyamba. Msimu umepamba moto, magunia yanaanza kuingia kabla hata sijafungua dirisha. Kompyuta ziko tatu. Ya mhasibu ni ya mezani, mpya, Windows 11. Ya meneja ni laptopu ya Windows 10, ambayo Microsoft ilihitimisha huduma yake tarehe 14 Oktoba mwaka huu. Ya tatu ni yangu mimi karani wa mapokezi, laptopu kuukuu yenye i3 ya kizazi cha tatu na RAM ya GB 4. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa mpya kuliko hii, kwa hiyo mwezi wa nane niliiwekea Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Tangu hapo inawaka upesi kama imerudi ujanani. Tabu ni kwamba leja ya msimu inakaa kwenye kompyuta ya mhasibu, na mimi nakaa kwenye mizani, chumba cha pili.

Kati yetu wawili kulikuwa na flashi nyekundu. Inakwenda asubuhi, inarudi mchana, inakwenda tena jioni. Wiki iliyopita mkulima mmoja alipima kilo 421. Stakabadhi yake inasema 421, kwangu 421, kwa mhasibu 412. Nilikuwa nimepindua tarakimu asubuhi nikasahihisha mchana, lakini flashi ilishavuka chumba na nakala ya asubuhi. Tulipoifungua tukakuta ORODHA.xlsx, ORODHA_MPYA.xlsx, ORODHA_MWISHO.xlsx na ORODHA_MWISHO_KABISA2.xlsx. Mzee mwenye korosho alikaa kwenye benchi karibu saa nzima, halafu akasema taratibu, "Wanangu, mimi sikusoma, lakini gunia langu lilipimwa mara moja tu."

Lengo basi: laptopu yangu ya Linux iione folda iliyomo kwenye Windows ya mhasibu, isome na iandike humo, kila siku ikiwaka, bila flashi. Faili liwe moja.

18 Novemba

Nilianzia kwa mhasibu. Alikuwa ameshaishea folda inayoitwa "Msimu wa Korosho" kwa ajili ya meneja, nikadhani kazi imebaki kwangu tu. Nikafungua kidhibiti faili cha Mint, nikabofya sehemu ya mtandao. Tupu. Hakuna hata jina la kompyuta moja.

Utupu huo usikutishe. Zamani kompyuta za Windows zilikuwa zinajitangaza majina mtandaoni kwa utaratibu uliofungamana na toleo la kwanza la SMB, ile lugha ambayo Windows huitumia kugawana mafaili. Toleo hilo Windows za sasa hazinalo kwa kawaida, na matangazo yakaondoka nalo. Kutoonekana si kutokuwepo. Nikaandika anwani mwenyewe juu ya dirisha:

smb://192.168.1.20/

Ikazunguka, ikazunguka, ikakata tamaa. Yaani hata mlangoni sikufika. Nikaenda kutazama mipangilio ya mtandao kwenye mashine ya mhasibu, nikakuta mtandao wetu umewekwa kama wa umma. Windows huuliza swali hilo, na ukijibu kwamba ni wa umma, inafunga bandari ya 445 ambamo SMB hupita, kwa kuwa inadhani uko stendi au hotelini.

"Bi Mhasibu, mbona ulichagua wa umma?"

"Mdogo wangu, chama si cha watu wote?"

Sikuwa na jibu. Tukabadilisha uwe wa binafsi, na hapohapo kwangu likatokea dirisha la kuomba jina na nenosiri. Nilifurahi kama nimeshamaliza.

Nenosiri gani sasa? Mhasibu huingia kwa PIN ya tarakimu nne. PIN ya Windows ni ya mashine ile ile, ukiwa umeikalia mbele yako. Haipiti mtandaoni. Nyuma ya PIN ile ipo akaunti ya Microsoft, ambayo aliifungua muuza kompyuta siku ya kununua, kwa barua pepe ambayo hakuna anayeikumbuka. Kwa hiyo mhasibu wetu anatumia kompyuta kila siku na hana nenosiri lake mwenyewe. Nadhani ofisi nyingi ziko hivi.

Badala ya kuhangaika na akaunti yake, tulitengeneza nyingine, ya ndani ya mashine, kwa ajili yangu peke yangu. Kwenye dirisha la amri la Windows, lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi:

net user karani * /add

Kile kinyota kinaifanya iulize nenosiri bila kulionyesha kwenye skrini. Usiliache tupu: Windows haikubali akaunti isiyo na nenosiri iingie kupitia mtandao. Na akaunti inayotengenezwa hivi ni ya kawaida, si ya msimamizi. Nimeiacha hivyohivyo makusudi.

Nikaandika karani na nenosiri kwenye dirisha langu. Folda ikafunguka. Nikaona leja.

19 Novemba

Hakuna umeme tangu saa tatu. Tumepima kwa mizani ya mawe na kuandika daftarini. Mradi haukusogea.

20 Novemba

Leo amekuja fundi kutoka mjini, kaka ambaye hutusaidia printa. Nikamwonyesha kwamba naona folda lakini siwezi kuandika chochote humo, na kwamba programu yangu ndogo ya mapokezi haiioni kabisa. Akacheka. "Wewe unajitesa bure. Washa SMB1 pale kwa mhasibu, toa nenosiri, weka kila mtu ana ruhusa zote. Dakika tano unakunywa chai." Akasema pia niweke Samba kwenye laptopu na nihariri smb.conf.

Tulibishana, kwa heshima, kwa sababu kaka huyu anajua kazi na alishatuokoa mara nyingi. Naandika hoja zangu hapa kwa sababu mbele yake sikuzipanga vizuri.

Kwanza hiyo Samba. Ni kazi kubwa ya Mwaustralia Andrew Tridgell aliyoianza mwanzoni mwa miaka ya 1990, na jina lake alilipata kwa kutafuta kwenye kamusi maneno yenye herufi s, m na b kwa mfuatano. Lakini smb.conf na seva ya Samba ni za kuifanya Linux iwe mwenyeji, yaani itoe folda zake kwa wengine. Mimi ni mgeni ninayekwenda nyumbani kwa Windows. Mgeni hahitaji kujenga nyumba. Ninachohitaji ni moduli ya cifs, ambayo imo tayari ndani ya kiini cha Linux, na kifurushi kidogo cha cifs-utils cha kuiamrisha. Maelekezo mengi yanachanganya mambo haya mawili, watu wanashinda wanahariri faili ambalo halihusiki.

Pili SMB1. Lugha hii ya kugawana mafaili ilizaliwa IBM miaka ya 1980, na toleo lake la kwanza liliandikwa wakati watu waliokuwa kwenye mtandao mmoja walijuana. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita kwenye tundu la SMB1 kikafunga mafaili katika nchi zaidi ya 150, hospitali za Uingereza zikiwemo, na kudai fidia. Kiraka cha Microsoft kilikuwa kimetoka tangu Machi mwaka huohuo. Walioumia ni ambao hawakukiweka. Kufikia Oktoba 2017 Windows 10 toleo la 1709 ilikuwa haiweki tena SMB1 yenyewe kwenye usakinishaji mpya. Kiini cha Linux nacho, tangu 4.13 ya mwaka huo, kiliacha kuanza mazungumzo kwa SMB1. Pande zote mbili zimeshaizika, sisi tuifukue ili nipate kuandika kilo?

Fundi ana haki kwenye jambo moja. Anazijua printa kubwa za zamani ambazo zikiskani hupeleka faili kwa SMB1 tu, na kwa wateja wa namna hiyo hana njia nyingine. Lakini sisi hatuna printa hiyo.

Mwenyekiti alikuwa anatusikiliza kutoka barazani. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, huyo mtu akiingia humo ataiba nini? Korosho ziko ghalani."

Nikamwambia: "Mzee, humo mna majina ya wanachama wote, namba zao za simu, akaunti zao za benki, na kila mmoja ameleta kilo ngapi. Na nenosiri la Wi-Fi yetu limebandikwa ukutani pale, madereva wa malori wote wanalo."

Akatazama ile karatasi ukutani. Akanyanyuka akaibandua, akaikunja, akaitia mfukoni. Sikuwa nimemwomba, ila nimeandika hapa kwamba hatua hii ya mradi ameitekeleza mwenyekiti.

21 Novemba

Siku ndefu.

Kwanza kwa nini programu yangu haioni folda. Ukifungua smb:// kwenye kidhibiti faili, Mint huiweka folda hiyo chini ya /run/user/1000/gvfs/ kwa jina refu lenye alama za usawa na mikato. Kwa kutazama na kunakili inatosha, na mtu anayetaka hivyo tu aishie hapo, asiendelee na maumivu yangu. Lakini programu inayotaka njia iliyonyooka ya faili inapotea. Dawa ni kuipachika folda kwenye mti wa mafaili wa laptopu, ionekane kama imo humuhumu.

sudo mkdir /mnt/msimu

Halafu nikafuata maelekezo niliyoyahifadhi kwenye simu zamani. Jibu la kwanza lilikuwa sentensi ndefu ya "wrong fs type, bad option, bad superblock", na mwishoni kabisa, mahali ambapo mtu aliyekata tamaa hafiki, ikataja programu ya msaada isiyokuwepo. Maana yake ni cifs-utils tu. Nikaivuta kwa bando la simu:

sudo apt install cifs-utils smbclient

Nikajaribu tena. "mount error(112): Host is down". Inaniambia kompyuta ya mhasibu imezimwa, na mimi namsikia mhasibu anabofya ukutani kwa pili! Kumbe maelekezo yangu ya zamani yalikuwa na vers=1.0. Linux iliongea SMB1, Windows haikujibu lugha hiyo, Linux ikahitimisha kwamba nyumba haina mtu. Nikaifuta vers yote, wakaelewana wenyewe.

Kisha "mount error(22): Invalid argument". Hili lilinila saa nzima, na kosa ni langu. Nenosiri nililolichagua juzi lina mkato katikati. Kwenye dirisha la kidhibiti faili halikuleta shida, lakini kwenye mstari wa amri mkato ndio unaotenganisha chaguo moja na lingine. Nusu ya kwanza ikachukuliwa kuwa nenosiri, nusu ya pili ikachukuliwa kuwa chaguo ambalo halijawahi kuwepo duniani. Na hata bila mkato, nenosiri halipaswi kuandikwa pale, linabaki kwenye historia ya amri. Nikaliweka kwenye faili lake, /etc/msimu.siri, mistari miwili:

username=karani
password=(lenyewe)

sudo chmod 600 /etc/msimu.siri

Ukikosea herufi humo jibu ni error(13), na hilo angalau linasema kweli: umekataliwa.

sudo mount -t cifs "//192.168.1.20/Msimu wa Korosho" /mnt/msimu -o credentials=/etc/msimu.siri

Kimya. Kwenye terminali, dirisha la amri la Linux, kimya ni baraka. Folda ipo. Naisoma. Kuandika, hapana.

Hapa nilifanya mambo mawili, moja la akili na moja la hasira. La akili: nikaongeza uid=1000,gid=1000, kwa sababu bila hayo mafaili yote yanahesabiwa kuwa ya root, yule msimamizi mkuu wa Linux, na mimi ni mpita njia. La hasira: kabla ya hapo nilikuwa nimeandika sudo chmod 777 /mnt/msimu, yaani yeyote aandike humo, folda ikiwa haijapachikwa, nikidhani natatua. Halikutatua, na sikulirudisha. Likumbuke.

Hata baada ya uid, kuandika kukakataa. Ndipo nikajaribu kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya root:

sudo touch /mnt/msimu/jaribio

Ikakataa vilevile, na hapo kichwa kikafunguka. Kwenye laptopu yangu root hakuna anayemzuia. Root akikataliwa, aliyekataa yuko upande wa pili. Nusu ya siku nilikuwa nachokonoa ruhusa za Linux wakati Linux ilishaniruhusu zamani.

Windows ina milango miwili kwa folda moja. Upo wa kushea na upo wa diski yenyewe, na unapopita mtandaoni unahesabiwa ule ulio mkali zaidi. Mhasibu alipoishea folda, Windows iliweka wa kushea uwe kila mtu asome tu. Tukamwondoa huyo "kila mtu", tukamwongeza meneja kwa jina na karani kwa jina, wote wawili waruhusiwe kubadilisha. Kisha kwenye kichupo cha usalama nako tukampa karani ruhusa hiyohiyo. Nikarudi mbio kwenye mizani nikaandika touch. Faili likazaliwa. Bi Mhasibu akapaza sauti kutoka chumba cha pili, "Kuna kitu kinaitwa jaribio, nikifute?"

24 Novemba, Jumatatu

Leo nimeiandika kwenye /etc/fstab ili ipachikwe yenyewe. Jina la folda lina nafasi, na fstab hutenganisha sehemu zake kwa nafasi, kwa hiyo kila nafasi inaandikwa \040:

//192.168.1.20/Msimu\040wa\040Korosho /mnt/msimu cifs credentials=/etc/msimu.siri,uid=1000,gid=1000,_netdev,nofail 0 0

Ningekuwa na uwezo wa kurudi nyuma ningemwambia mhasibu aiite "msimu" tu. Kuibadilisha sasa ni kuvuruga njia za mkato za meneja, na meneja siku hizi haguswi.

Nikajaribu kwa sudo mount -a, ikapachika. Nikafunga nikaenda nyumbani nikiwa na raha.

25 Novemba

Aibu ya leo nitaiandika yote.

Asubuhi nimewasha laptopu, nimefungua /mnt/msimu kwenye programu, nikaanza kupokea. Foleni ndefu, watu wa vijiji viwili kwa pamoja. Hadi saa sita nilikuwa na wakulima 38. Mhasibu akaja mlangoni: "Leo hupokei?" Kwake hakuna hata mmoja.

Yote 38 yalikuwa kwenye diski ya laptopu yangu. Wakati laptopu inawaka, inapachika kwanza halafu ndipo Wi-Fi inaunganishwa, kwa hiyo saa ile ya kupachika hapakuwa na mtandao. Na kwa kuwa niliandika nofail, ikaniachia niendelee bila neno. Folda /mnt/msimu ikabaki folda tupu ya kawaida. Kwa desturi ningekataliwa kuandika humo kwa kuwa ni ya root, lakini mimi ndiye niliyeandika ile chmod 777 ya hasira. Mlinzi nilimfukuza mwenyewe. Programu ilipoona hakuna leja, ikaanzisha mpya kwa jina lilelile, bila kunijulisha.

Yaani nilitoka kwenye ORODHA_MWISHO_KABISA2 nikaingia kwenye ugonjwa uleule, safari hii bila hata flashi ya kulaumu.

Nilichofanya mchana, watu wakiwa wanakula: nikalihamishia faili la leo kwenye folda yangu ya nyumbani, nikarudisha chmod 755, na kwenye fstab nikaongeza x-systemd.automount, kisha:

sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl start mnt-msimu.automount

Chaguo hilo halipachiki wakati wa kuwaka. Linasubiri mpaka mtu aiguse folda, ndipo linapachika. Kufikia hapo Wi-Fi imeshakuja. Na kompyuta ya mhasibu ikiwa imezimwa, napata kosa mbele ya macho badala ya folda tupu yenye sura ya upole. Programu yangu nayo nimeibadilisha: isipoikuta leja, isimame na ipige kelele, isianzishe yoyote.

Wale 38 tumewaingiza upya kwa mkono, mimi nasoma stakabadhi, mhasibu anaandika, kilo kwa kilo. Tumemaliza saa moja usiku. Hakulalamika, ila alinunua soda moja, yake.

27 Novemba

Umeme ulikatika jana jioni ukarudi usiku. Asubuhi: "mount error(111): could not connect". Namba 111 maana yake nimefika kwenye anwani, nimegonga, mwenyewe amenifungia. Tofauti na 112 ya juzi, na tofauti na kuzunguka bila jibu kwa siku ile ya mtandao wa umma. Nimeanza kuzisoma namba hizi kama rangi ya korosho: ukishazizoea unajua kasoro iko wapi kabla hujapasua.

Ruta ilipowaka upya iligawa anwani kwa kila aliyewahi. Aliyewahi ilikuwa simu ya meneja, ikapewa 192.168.1.20. Nilikuwa naiomba simu ya meneja leja ya korosho, na simu kwa haki yake ikakataa.

Tukaingia kwenye ruta, tukaifungia anwani ile namba ya kadi ya mtandao ya kompyuta ya mhasibu, isipewe mwingine. Dakika kumi. Hili lingepaswa kuwa la kwanza kabisa, na ukifuata shajara hii anza nalo.

28 Novemba

Watu wawili, faili moja. Mhasibu akiwa ameifungua leja kwenye Excel, LibreOffice yangu inanifungulia ya kusoma tu, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini kwenye foleni siwezi kungoja mtu amalize kunywa chai ndipo niandike gunia. Tumegawana: mapokezi.csv ni yangu, ninaiandika mimi peke yangu. Leja ya malipo ni yake, na inavuta namba kutoka kwangu. Kila faili lina mwandishi mmoja.

Jambo lingine dogo. Programu yangu ilikuwa inaandika nakala zenye saa kwenye jina, kama mapokezi 14:30. Linux haina neno na nukta mbili, Windows haizitaki kwenye jina la faili. Njiani zikageuzwa alama nyingine, na kwa mhasibu jina likaonekana na kidoa katikati, akadhani ni kirusi. Sasa naandika 14-30. Na herufi kubwa: kwangu Korosho.csv na korosho.csv ni mafaili mawili, kwake ni moja. Tumekubaliana herufi ndogo zote.

2 Desemba

Siku nne bila kugusa kitu. Nimeanza nakala za jioni kutoka folda ya mhasibu kuja kwangu:

rsync -rt /mnt/msimu/ ~/nakala/msimu/

Nimetumia -rt badala ya -a kwa kuwa -a inajaribu pia kubeba umiliki na ruhusa, na hizo huku ninakopachika ni za kubuni tu, si za kweli.

Fundi kapiga simu mchana kuuliza habari. Nikamweleza ya 25 Novemba pia, sikuficha. Akacheka mpaka akakohoa, halafu akauliza ile \040 inaandikwaje, ana mteja Ligula ambaye folda yake inaitwa "Mambo ya Ofisi Usiguse".

4 Desemba

Mzee wa kilo 421 amekuja kuulizia malipo. Mhasibu akafungua leja, mimi nikafungua kwangu, tukasomeana namba ukutani bila kunyanyuka. Zikalingana. Mzee akauliza kama ile flashi nyekundu imekufa.

Yaliyobaki. Laptopu ya meneja bado ni Windows 10, na yeye anaingia kwenye folda kama mimi, kwa hiyo nikipata ruhusa yake nitampelekea Mint msimu ukiisha, si sasa. Wi-Fi inadhoofika magunia yakirundikwa kati ya vyumba viwili. Nimepima kwa hatua, ruta hadi mizani ni mita kama kumi na nane. Jumamosi nikienda mjini ninunue kebo ya mita 20 na vichwa vyake, na niazime drili ya kutoboa ukuta.